"Hapa hakuna makaa": idara za jiolojia za majimbo ya Marekani zinamfaa nini mwananchi?

SWALI: Nimesoma kwamba karibu kila jimbo la Marekani lina idara yake ya jiolojia inayoendeshwa kwa kodi, na baadhi zimekuwapo tangu karne ya 19. Wakati huohuo kuna USGS, idara ya taifa zima, na kuna kampuni za mafuta na madini zenye wataalamu na fedha kuliko serikali ya jimbo. Hizo idara ndogo zinamfaa nini mtu wa kawaida asiyetafuta dhahabu wala mafuta? Au ni njia tu ya kuwasaidia matajiri wachimbe kwa gharama ya mlipakodi?

JIBU: Ndugu msomaji, swali lako lina kijembe mwishoni, na naanza nacho kwa sababu nusu yake ni kweli. Wabunge walioanzisha idara hizi walikuwa na uchu wa utajiri. North Carolina ilitangulia mwaka 1823, ikamtengea profesa wa chuo kikuu chake, Denison Olmsted, fedha kidogo azunguke jimboni na kuandika kilichomo ardhini. South Carolina ikafuata mwaka mmoja baadaye. Kabla miaka ya 1830 haijaisha, Massachusetts, Virginia, Pennsylvania, New York, Ohio na Michigan nazo zilikuwa na wanajiolojia wao. Wabunge walikuwa na swali moja: tuchimbe wapi?

Mara nyingi walijibiwa wasichopenda kusikia. Chukua New York. Idara yake ilianza mwaka 1836, na miongoni mwa vijana walioajiriwa alikuwemo James Hall, ambaye alibaki katika utumishi wa jimbo hilo hadi alipofariki mwaka 1898. Jirani wa kusini, Pennsylvania, alikuwa ananeemeka kwa makaa ya mawe, na watu wa New York wakawa wanachimba mashimo popote walipoona mwamba mweusi. Wanajiolojia walipanga matabaka ya miamba ya jimbo kwa mfuatano wa umri, wakiongozwa na visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale, vilivyomo ndani yake, na picha iliyojitokeza ilikuwa wazi: miamba ya New York ni mikongwe kuliko ile yenye makaa, na kwa mpangilio iko chini yake. Kila aliyechimba kwenda chini alikuwa anazidi kurudi nyuma katika wakati, mbali na enzi za makaa. Angeweza kuchimba hadi mtaji umwishie asikute kitu.

Hapakuwa na makaa. Hakuna aliyetajirika kwa habari hiyo. Waliookoa fedha zao lazima walikuwa wengi, ila hawahesabiki, maana mtu ambaye hakufilisika haandikwi popote.

Hapo ndipo ninapoiona thamani ya idara hizi hadi leo. Jibu la "chimba hapa" lina soko. Kampuni italitafuta yenyewe kwa fedha zake na kulificha. Majibu ya "hakuna", "usijenge", "yanakwisha", "ni sisi tunaosababisha" hayana mnunuzi. Anayeyahitaji hajui kama anayahitaji, na anayeyajua mara nyingi hana faida ya kuyasema. Asipolipwa mtu kwa fedha ya umma ayatafute na kuyachapisha, yatabaki ardhini.

(Mmoja wa ile miamba myeusi ya New York, Hall aliupa jina la Marcellus mwaka 1839, kutokana na kijiji kilicho karibu na mahali ulipojitokeza juu ya ardhi. Miaka karibu 170 baadaye mwamba huohuo ukawa miongoni mwa vyanzo vikubwa vya gesi asilia Marekani, hasa upande wa Pennsylvania. Kampuni zilipofika zilikuta mwamba una jina, una umri, na mahali unapopita pameshaandikwa. Alichokanusha Hall ni makaa. Kumbukumbu aliyoiacha ilikuja kutumika kwa jambo ambalo yeye asingeweza kuliwaza.)

Hata pale jibu lilipokuwa "ipo", idara zilikuwa na kazi ya kupoza vichwa. Douglass Houghton, mwanajiolojia wa kwanza wa Michigan, aliandika ripoti mwaka 1841 kuhusu shaba ya rasi ya Keweenaw, kando ya Ziwa Superior. Ndani ya ripoti hiyohiyo aliwaonya wanaodhani watapata utajiri wa haraka bila mtaji na bila uvumilivu. Watu walisoma habari ya shaba, onyo wakaliruka, na baada ya muda mfupi msafara wa wachimbaji ukaanza.

California ndiyo iliyolipa ada kubwa katika somo hili. Mwaka 1860 bunge lake lilimwajiri Josiah Whitney, msomi makini na, kwa kadiri ninavyomsoma, mtu asiyejua kubembeleza wabunge. Wao walitaka ramani ya dhahabu. Yeye aliona kwamba huwezi kusema lolote la maana kuhusu dhahabu kabla hujaielewa milima yenyewe, na miongoni mwa vitabu vya kwanza alivyotoa kimoja kilihusu visukuku. Unaweza kukisia kilichofuata. Fedha zilikatwa, zikarudishwa, na mwaka 1874 kazi ikafungwa kabisa. Ni mwaka 1880 jimbo lilipofungua ofisi mpya, na mara hii waliiita ofisi ya migodi ili pasiwe na utata. Jina la Whitney limebaki juu ya mlima mrefu kuliko yote katika Marekani ukiiacha Alaska, mita 4,421, walioupa jina lake vijana wa msafara wake mwaka 1864. Nani alikuwa na haki? Nadhani wote wawili kwa kiasi fulani. Wabunge walikuwa wanasimamia fedha ya watu na walistahili kitu cha kushika mkononi. Ila ofisi iliyorithi ile ya Whitney, leo ikiitwa idara ya jiolojia ya California, inategemewa zaidi kwa matetemeko kuliko kwa dhahabu, na huwezi kusoma matetemeko bila kuielewa milima yenyewe.

Sasa hoja yako kuhusu kampuni. Ni kweli zina wataalamu. Lakini kampuni huchora ramani ya kitalu chake, pale inapotaka kuchimba, na ikiondoka huondoka na ramani yake. Hakuna kampuni itakayochora jimbo zima, kwa kuwa sehemu kubwa ya jimbo haiihusu.

Kentucky ilifanya hivyo. Kuanzia 1960 hadi 1978 idara ya jimbo na USGS zilishirikiana kuchora kila pembe ya jimbo kwa skeli ya 1:24,000, jumla ya karatasi 707. Kwa skeli hiyo sentimita moja ya ramani ni mita 240 za ardhi, inayotosha kuonyesha kama shamba fulani limekaa juu ya mawe ya chokaa au juu ya mchanga. Lengo la mwanzo lilikuwa makaa, mafuta na madini. Miongo miwili baadaye wachumi wa idara ya jiolojia ya Illinois waliwauliza watumiaji wa ramani hizo wangegharimika kiasi gani kama kila mmoja angelazimika kujitafutia taarifa zilezile. Hesabu ilitoka kwamba thamani ya ramani ni kati ya mara 25 na 39 ya gharama ya kuzichora. Mimi nisingepigania tarakimu yenyewe, kwani hesabu za aina hii hutegemea sana unavyouliza swali. Kinachonivutia ni waliokuwa wakizitumia: pamoja na watu wa migodi na mafuta walikuwamo wahandisi wa barabara, watafutaji wa maji, wapangaji wa miji, na watu wanaotafuta mahali pa kufukia taka pasipochafua visima vya majirani.

Kazi nyingine isiyopigiwa makofi ni ghala. Kisima cha mafuta kinapochorongwa, wakati mwingine hutolewa fimbo ndefu za mwamba kutoka chini, nazo hukatwa na kupangwa ndani ya masanduku. Kampuni ikifilisika au ikibadili mipango, masanduku hayo huwa mzigo. Kule Texas taasisi inayofanya kazi ya idara ya jiolojia ya jimbo, iliyoko chini ya Chuo Kikuu cha Texas huko Austin tangu 1909, inayo zaidi ya milioni moja ya masanduku ya namna hiyo. Ukienda kuyaona unakuta maghala kama ya bandarini, yamejaa mawe. Mtu wa hazina akiyatazama atauliza kwa nini tunalipia paa la kufunika mawe. Jibu ni kwamba kuchoronga upya shimo la kilomita kadhaa ili kuyapata mawe yaleyale kunagharimu fedha nyingi sana, na mahali pengine hakuwezekani tena kwa kuwa juu yake pamejengwa mji. Mfano wa karibuni ni Arkansas. Oktoba 2024 USGS na ofisi ya mwanajiolojia wa jimbo hilo zilitoa makadirio kwamba maji ya chumvi yaliyomo katika mwamba uitwao Smackover, kusini mwa jimbo, yana kati ya tani milioni 5 na milioni 19 za lithiamu, madini ya kutengenezea betri. Mwamba huo umechorongwa kwa ajili ya mafuta kwa miongo mingi. Makadirio hayo yalitumia sampuli mpya pamoja na takwimu za zamani, zilizokusanywa na watu ambao hawakuwa na haja na lithiamu.

Ramani za migodi iliyofungwa nazo ni za kundi hili, ila hapa suala ni uhai. Tarehe 24 Julai 2002, katika mgodi wa Quecreek huko Pennsylvania, wachimbaji walipasua ukuta wakaingia kwenye mgodi wa zamani uliojaa maji. Ramani waliyokuwa nayo ilionyesha kuwa mgodi huo bado uko mbali, kwa sababu haikuwa na sehemu za mwisho zilizochimbwa kabla haujafungwa. Wanaume tisa walinaswa chini na wakaokolewa wote tarehe 28. Kwa mwenye nyumba hatari huja polepole zaidi. Illinois imechimbwa makaa chini ya miji na mashamba, na nguzo zilizoachwa kule chini zikivunjika, nyumba iliyo juu hupata nyufa au huinama. Jimbo lina bima maalumu ya tatizo hili tangu 1979, na ramani za mahali palipochimbwa hutunzwa na idara ya jiolojia ya jimbo, ambako mtu yeyote anaweza kuangalia kama nyumba anayotaka kuinunua iko juu ya mgodi.

Nije kwenye maji, kwa sababu hapa ndipo ningeanza kama ningekuwa na dakika tano tu za kukushawishi.

Magharibi mwa Kansas hulimwa kwa maji ya chini ya ardhi, yaliyomo kwenye mchanga na kokoto za tabaka liitwalo Ogallala. Mvua huko ni haba, na kiasi kinachopenya hadi kwenye tabaka hilo kwa mwaka ni chini ya sentimita mbili na nusu. Pampu hutoa zaidi ya hapo kwa mbali. Kila Januari idara ya jiolojia ya Kansas na wenzao wa ofisi ya rasilimali za maji hupima kina cha maji katika visima takriban 1,400. Wanachagua Januari kwa kuwa pampu za kumwagilia zimezimwa na maji yametulia. Chombo chenyewe ni cha kizamani: utepe wa chuma uliopakwa chaki hushushwa kisimani, ukivutwa juu unasoma chaki ilipolowana. Kipimo kimoja peke yake hakina maana yoyote. Vipimo vya kisima kilekile kwa miongo kadhaa, vikiwekwa kwenye mtandao ili mkulima avione bila kumwomba mtu, ni kitu kingine kabisa. Sheria inawataka pia wachimba visima wapeleke taarifa ya kila kisima, wakitaja udongo na mawe waliyopitia na kina walichokuta maji, na fomu hizo zimekuwa zikilimbikizwa tangu miaka ya 1970.

Idara hiyo haina mamlaka ya kumzuia mtu kuvuta maji. Haitoi vibali wala haitozi faini. Mwanzoni unaweza kuliona hilo kama udhaifu, lakini mimi naliona kama sababu ya wakulima kufungua milango. Mtu anayekuja na utepe wake hana leseni ya kukufutia. Katika eneo la Sheridan, kaskazini-magharibi mwa jimbo, wakulima wenyewe waliketi na takwimu za visima vyao, wakakubaliana kupunguza matumizi ya maji kwa asilimia 20 kuanzia 2013, na mwaka 2018 wakaongeza muda wa makubaliano. Hakuna aliyewaambia kwamba maji yatarudi kama zamani. Waliambiwa yanashuka kwa kasi gani, na kwamba wakipunguza kasi hiyo watapata muda zaidi wa kulima. Wanajiolojia walileta tarakimu, uamuzi ukabaki wa wenye mashamba.

Kuhusu matetemeko na maporomoko ya ardhi, mfano wa California unajulikana zaidi. Baada ya tetemeko la San Fernando la Februari 1971 kupasua ardhi na kubomoa nyumba, bunge la jimbo lilipitisha sheria mwaka 1972 inayomtaka mwanajiolojia wa jimbo achore kanda kuzunguka mipasuko hai, yaani ile iliyosogea ndani ya takriban miaka 11,000 iliyopita. Ndani ya kanda hizo huwezi kupewa kibali cha kujenga makazi mapya bila uchunguzi wa ardhi, na nyumba haiwekwi juu ya mpasuko. Anayeuza nyumba iliyomo lazima amweleze mnunuzi. Madalali wa nyumba hawaipendi ramani hiyo, na sidhani inatakiwa wapende. Kumbuka tu kwamba inahusu mpasuko unaofika juu ya ardhi. Mtikisiko wenyewe husambaa mbali, kwa hiyo kuwa nje ya kanda hakumaanishi kuwa salama. Sheria nyingine ya mwaka 1990, iliyokuja baada ya tetemeko la Loma Prieta la 1989, iliongeza ramani za mahali ambapo udongo hugeuka tope ukitikiswa na mahali ambapo miteremko inaweza kuporomoka.

Jimbo la Washington lilijifunza kwa msiba. Tarehe 22 Machi 2014 mteremko ulianguka karibu na Oso ukaua watu 43. Mteremko huo ulikuwa umeshawahi kuteleza. Isitoshe, picha zinazopigwa kwa leza kutoka kwenye ndege, ambazo kompyuta huzichuja hadi misitu yote ikaondolewa na ardhi ikabaki tupu, zilionyesha bonde lile lina alama za maporomoko ya kale upande huu na ule, kama makovu ya kichwani yanavyojitokeza mtu akinyolewa. Mwaka 2015 bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kuipa idara ya jiolojia kazi ya kukusanya picha za aina hiyo, kuchora ramani za maporomoko na kuzitoa kwa umma. Nimeona watu wakilaumu kwamba ramani zilikuja baada ya vifo. Lawama hiyo ni ya haki. Karibu kila sheria ya namna hii Marekani ina tarehe ya msiba nyuma yake, kwa sababu ni vigumu kumshawishi mwanasiasa alipie jambo ambalo likifanikiwa halitaonekana.

Gesi ya radoni niipitie haraka. Hutokana na kuoza kwa urani iliyomo kwenye miamba ya kawaida, hupenya kwenye nyufa za sakafu, haina harufu wala rangi, na huko Marekani gesi hiyo inahesabiwa kuwa chanzo cha pili cha saratani ya mapafu baada ya sigara. Mwaka 1984 mfanyakazi wa kituo cha nyuklia kilichokuwa kikijengwa Pennsylvania alikuwa akiamsha king'ora cha mionzi kila alipopita, ilhali kituo kilikuwa hakijawekewa mafuta ya nyuklia. Mionzi alikuwa anakuja nayo kutoka nyumbani kwake, nyumba iliyosimama juu ya miamba yenye urani. Tangu hapo ramani za jiolojia hutumika kuonyesha maeneo ya kupewa kipaumbele, ingawa hazimwambii mtu hali ya nyumba yake. Kwa hilo kuna kipimo cha bei ndogo.

Sasa Oklahoma, kwa sababu ndipo kijembe chako kinapochoma kweli. Idara yake ya jiolojia imetajwa ndani ya katiba ya jimbo ya mwaka 1907 na iko chini ya Chuo Kikuu cha Oklahoma, katika jimbo ambalo mafuta ni uchumi na ni siasa. Kabla ya 2009 jimbo lilikuwa likipata tetemeko moja au mawili kwa mwaka yenye ukubwa wa 3 au zaidi. Mwaka 2015 yalizidi 900. Mafuta ya huko hutoka na maji mengi ya chumvi, na maji hayo yalikuwa yakisukumwa tena ardhini, kwenye tabaka la kina kirefu lililo karibu na miamba migumu ya chini kabisa. Maji yakiongezeka huongeza shinikizo ndani ya vinyweleo vya mwamba na kwenye mipasuko ya zamani. Mpasuko ambao umebanwa ukatulia kwa mamilioni ya miaka hulegea, na pande zake huteleza.

Watafiti wa nje walianza kusema hivyo mapema. Idara ya jimbo ilikwenda polepole, na vyombo vya habari viliandika sana juu ya shinikizo kutoka kwa watu wa mafuta. Ni tarehe 21 Aprili 2015 ilipotoa tamko kwamba mengi ya matetemeko hayo yana uwezekano mkubwa sana wa kusababishwa na maji yanayosukumwa ardhini. Mamlaka inayosimamia visima ikaanza kuagiza kiasi cha maji kipunguzwe. Hata hivyo Septemba 2016 likaja tetemeko la Pawnee lenye ukubwa wa 5.8, kubwa kuliko yote yaliyowahi kurekodiwa jimboni, kisha idadi ikaendelea kushuka mwaka hadi mwaka.

Unaweza kuisoma habari hii kwa namna mbili. Moja ni kwamba idara iliyo karibu na matajiri huchelewa kusema. Nakubali, na sitaitetea kasi yao. Ya pili ni kwamba tamko la idara ya jimbo lenyewe lilibeba uzito ambao makala za watafiti wa nje hazikuwa nao huko Oklahoma. Lilikuwa la watu wao, wenye vituo vyao vya kupimia mitikisiko, wasioweza kuitwa wageni wasioipenda biashara ya mafuta. Ukaribu uleule uliochelewesha kauli ndio uliofanya isikilizwe ilipotoka. Sina dawa ya mgongano huo. Najua tu kwamba kinga huandikwa kwenye sheria: ile iliyoanzisha USGS mwaka 1879 iliwakataza mkurugenzi na watumishi wake kuwa na maslahi binafsi katika ardhi au madini ya eneo wanalolichunguza, na kuwafanyia kazi watu au kampuni binafsi. Ukitaka kupima uimara wa idara ya jimbo lolote, tafuta kama ina kifungu kama hicho, kisha uangalie bajeti yake inatoka wapi.

Umeuliza kwa nini USGS isitoshe. Kwanza, majimbo yalitangulia kwa zaidi ya nusu karne, na Clarence King, mkurugenzi wa kwanza wa USGS, aliianza kazi hii katika msafara wa Whitney kule California. Pili, ardhi husimamiwa jimboni: vibali vya visima, sheria za ujenzi na bima vimo mikononi mwa jimbo, na mbunge wa jimbo anayetaka jibu kabla ya kikao cha wiki ijayo hatalipata haraka kutoka ofisi ya taifa. Tatu, wamegawana kazi. Sheria ya mwaka 1992 kuhusu ramani za jiolojia iliweka utaratibu ambapo serikali kuu hutoa dola moja kwa kila dola ambayo jimbo limetenga kwa uchoraji, na vipaumbele hupangwa kwa ushauri wa watu wa jimbo lenyewe.

Kwa anayeishi huko na anataka kuzitumia: ramani na takwimu za visima nyingi ziko kwenye mtandao bila malipo, na simu au barua pepe hujibiwa na mtu anayeijua ardhi ya jimbo lako. Nyingi hukutambulia jiwe uliloliokota. (Kama unadhani ni kimondo, jiandae kusikitika, vingi vya vinavyoletwa ni mabaki ya kuyeyushia chuma au mawe yenye chuma.) Hawatakuambia kiwanja chako kina thamani gani, hawatatoa ushahidi wa kukupendelea dhidi ya jirani, na hawatakufanyia uchunguzi wa msingi wa nyumba, kwa kuwa hiyo ni kazi ya mtaalamu binafsi mwenye leseni unayemlipa mwenyewe. Na ukipewa ramani, angalia skeli yake kabla ya kitu kingine. Ile ya jimbo zima ya 1:500,000 inafaa kuelewa mkoa. Kwa kiwanja cha nyumba omba ya 1:24,000, na kama eneo lako halijachorwa kwa skeli hiyo, waulize limepangwa lini.